Kufumba na Kufumbua Mlangoni

Msuka, 9 Aprili 2003

Sasa mwanangu Ummi, boti ilipopiga honi pale Mkoani nlikuwa nshafika wapi? Nlishafika kwenye pazia. Wewe ukachupa na begi lako, mie nkabaki gatini na mdomo wazi kama chaza, hadithi imenijaa shavuni. Siku kumi zino nnalala nayo nnaamka nayo, haimezeki. Mwisho nkenda dukani kwa Shaame nkachukua daftari, nkasema wallahi hii ntaimaliza kwa kalamu, japo herufi zangu zatembea kama kaa. Darasa la nne, mwanangu, unategemea nini.

Ee! Nimesahau salamu. Assalaam alaykum. Mama yako, dada yangu Mize, hajambo, ila goti linamsumbua akiinuka kwenye sala. Akiulizwa husema ni mvua, na mvua yenyewe haijanyesha. Kakako Ridha na mkewe wazima, harusi ishapita na bado wanaitana "we mwenzangu", jina hawatajani. Mbuzi wangu mweupe kazaa wawili. Barua ino anakuletea Silima, anakuja Dar kutafuta mashine ya boti, mpe chai. Kwa simu ya dukani sisemi kitu. Anaesikiliza simu za watu pale dukani ni mie, najua zinavyofika mbali.

Haya, pazia. Harusi ya mama yako, mwaka wa sabini na nne, nyumba ya babu yako ilikuwa tabaka tatu. Uwani kila mtu, hata asiealikwa. Ukumbini jamaa wa karibu. Chumba cha ndani bibi harusi na kungwi wake, Bi Rumaitha, Mungu amrehemu, basi. Humo husemwa na huimbwa yale ambayo mwari hayasikii mpaka ifike zamu yake. Mlangoni pana pazia, na pazia lina mwenyewe, Bi Hija. Mama yake alishika mlango, bibi yake alishika mlango, Msuka nzima harusi haitulii mpaka mwana wa ukoo ule akae kwenye kigoda chake. Hata ungekuwa nani, bila ya kauli ya kungwi hupiti.

Wa kupita alikuwa mmoja tu, anaebeba chetezo cha udi. Siku ile mbebaji ni Bi Afra, mzee wetu. Akifika, Hija humtazama usoni. Kisha huuliza ndani, "Chetezo kimekuja, kiingie?" Kungwi hujibu, "Kiingie." Hapo Hija hufumba macho. Hufumba kweli kweli! Kwa sababu mshika mlango haruhusiwi kumwona bibi harusi kabla hajatolewa, ndiyo adabu ya ukoo wao. Hufumba, hunyanyua pazia, chetezo kikapita, hushusha, hufumbua.

Basi siku ile aliepita siye Bi Afra. Asubuhi yake kisimani wasichana wa Msuka, wari watupu, wanaimba nyimbo za kungwi tangu mwanzo hadi zile za mwisho, zile! Bi Rumaitha alikaa chini akaomba maji. Hija akashika msahafu, "Nimemtazama usoni, alikuwa Bi Afra." Bi Afra alipoulizwa akasema chetezo alipokewa na mkono, mkono wa nani hajui, na kwa vile macho yake yalikuwa ya kubahatisha watu wakasema mzee kachanganyikiwa. Nani atamwamini Hija? Mlango alikuwa nao yeye. Miaka ishirini na tisa sasa hajaitwa mlango hata mmoja. Kile kigoda hukalia akisuka ukili.

Aliepita nani? Aa, Mungu ndie ajuae.

Haya, imetoka, nimepumua.

Mama mdogo wako,
Kazija


Dar es Salaam, 25 Aprili 2003

Mama mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo. Silima amefika salama na amekunywa chai vikombe vitatu. Nimecheka peke yangu kwa hao wanaoitana "we mwenzangu". Mama mwambie asikunje goti kwenye sala, akae kwenye kiti, Mungu hamkatai mtu aliyekaa kitini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na si kwa kicheko tu. Nina jambo, nakuomba kwa Mungu usimwambie mama.

Hapa chuoni kazi yangu ni kuitunza ile kompyuta kubwa ambayo kompyuta nyingine zote huitegemea. Wanafunzi mia nne wana majina yao humo, kila mmoja na neno lake la siri. Wao ni wageni wa uwani: kila mmoja hufungua vitu vyake, vya mwenzake hawezi. Juu yao kuna mwenye nyumba mmoja. Mwenye nyumba hafungiwi kitu, anasoma chochote, anafuta chochote. Neno la siri la mwenye nyumba tunalijua wawili tu, mimi na mkuu wangu, Bwana Thuwein.

Tarehe mbili Aprili, siku mbili baada ya kurudi kutoka huko, matokeo ya mtihani ya wanafunzi watatu yalibadilishwa. Daftari la kompyuta linasema aliyebadilisha ni mwenye nyumba, saa nne na dakika kumi asubuhi. Bwana Thuwein alikuwa safarini Mwanza. Mimi nilikuwa mezani kwangu.

Basi ni mimi. Wamenipokonya ufunguo wa chumba na kunikalisha mapokezi, nawaelekeza watu choo. Kamati itakaa mwisho wa Juni. Nisipoonyesha mtu mwingine angewezaje, nafukuzwa, na kwa sifa hiyo hakuna ofisi itakayonikabidhi hata kalamu. Nimetafuta kama neno la siri liliibiwa. Halikuibiwa, mama mdogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Unisamehe kukutwisha.

Wako,
Ummi


Msuka, 6 Mei 2003

Mwanangu Ummi, marahaba mia.

Barua yako ilinikuta naanika muhogo, nkaukalia. Leo siku ya nane nimeificha kifuani, na unanijua, kifua changu chujio. Jana mama yako kaniuliza, "Mbona umenuna?" Nkamwambia jino. Kanikamata mkono, kanipeleka kwa Mzee Mbarouk anaeng'oa. Jino langu zima, mwanangu, la nyuma huku kulia, nimeling'oa kwa ajili ya siri yako! Sasa usiseme mama yako mdogo hawezi kutunza neno.

Wengine wote wazima. Goti la Mize lile lile. Kwenye kiti hataki, anasema kiti ni cha wazee. Huku siku zino bendera tupu, uchaguzi mdogo tarehe kumi na nane, gari za spika zapita mpaka mbuzi wamejifunza kukaa upande wa barabara wa chama chao. Ila watu wanazikana na kualikana, alhamdulillah. Si kama ile miaka ya kugomeana duka na kisima kwa ajili ya vyama.

Nataka kuuliza. Huyo mwenye nyumba wa ndani ya kompyuta ni nani hasa? Ni mtu? Nimemuuliza Shaame, nkasingizia kuwa ni habari ya redioni, kasema ni umeme. Umeme unamjua nani mwanafunzi nani mwenye nyumba? Na anaemlinda huyo mwenye nyumba ni nani? Maana kila mwenye nyumba ana Hija wake. Mie nimekaa na jambo hili mpaka mchele ukaungua, si kwa huzuni, kwa kustaajabu. Subhanallah, chumba ndani ya chumba, ndani ya kisanduku, na watu mia nne uwani, wala hawaonani!

Sasa sikiliza maneno ya mtu wa darasa la nne. Unasema neno la siri halikuibiwa na hilo linakutisha. Mie halinitishi. Pale kwa mama yako nani aliiba kitu? Pazia halikuchanwa. Hija hakulala wala hakuhongwa. Kungwi alisema kiingie, na kweli alieitikiwa alikuwa Bi Afra. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa. Yalikuwapo mambo mawili tu, kutazama na kunyanyua, na baina yake pana kufumba. Wallahi ni hapo tu. Hija kafumba, anabana sana kope mpaka zinatetemeka, mkono wake wa kulia upo juu kwenye pazia, pete yake ya fedha imenasa uzi. Mtu kampokea Bi Afra chetezo taratibu, kama unavyompokea mtu kikombe, kajifunika kanga, kainama, kapita na moshi wake. Alieangaliwa mmoja, aliepita mwengine. Na ndani nani atamuuliza? Ukishavuka pazia na chetezo mkononi, wewe ni mtu wa ndani. Hata kungwi alimwambia, "Kaa pale pembeni."

Wewe watafuta mwizi wa ufunguo. Tafuta huyo Hija wa kompyuta yako anafumba macho wakati gani.

Usisahau kula. Mwili wako huo wa uzi ukikonda zaidi utapotea kwenye nguo.

Mama mdogo,
Kazija (kibogoyo kwa ajili yako)


Dar es Salaam, 2 Juni 2003

Mama mdogo,

Shikamoo, na pole ya jino. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Nashukuru mambo ya huko yametulia. Mimi nakula, dada wa nyumba ya jirani hunilazimisha.

Nimempata Hija.

Uliuliza anayemlinda mwenye nyumba ni nani. Ndani kabisa ya kompyuta, chini ya kila unachokiona, kuna programu moja tunayoiita kiini. Hicho ndicho mshika mlango. Mgeni hagusi chuma chochote cha mashine kwa mkono wake, lazima akiombe kiini, na kiini kwanza humtazama usoni: wewe nani, unaruhusiwa? Kimeandikwa na mamia ya watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajaonana maishani, kwa mapenzi tu. Maandishi yake ukiyachapa kwenye karatasi hayatoshi kwenye chumba changu. Nimeyasoma wiki tatu nikitoka mapokezi, kwenye mashine kuukuu niliyoazimwa. Sikutafuta mwizi tena. Nilitafuta kufumba.

Mgeni akikiomba kiini kitu ambacho hakinacho karibu, kiini humzaa mtumishi wa kwenda kukileta. Mtumishi yule anazaliwa akiwa na sura ya aliyeomba, mgeni wa kawaida tu. Halafu ndipo kiini humvika joho la mwenye nyumba, ili afungue ghala. Baina ya kuzaliwa na kuvikwa joho pana nafasi. Gawa sekunde moja mafungu elfu, ni vifungu vichache katika hivyo. Ndani ya nafasi hiyo mgeni anaruhusiwa kumshika mtumishi mkono, maana kwa sura bado ni mtu wake. Na akishamshika hamwachi. Joho linavikwa, mkono umeshikwa, wanaingia wote wawili.

Nilijifanya mwanafunzi nikajaribu. Ikakataa. Nikajaribu tena. Mara ya arubaini na moja ikatokea kwenye kioo ile alama ambayo huiona mwenye nyumba peke yake. Sikuwa nimeandika neno lolote la siri. Mama mdogo, niliondoa mikono yangu mezani. Watu wote wale, akili zote zile, miaka yote ile, na njia imekaa pale pale mbele ya macho yao. Nilisikia baridi kama ninapomsikia mtu anasoma Kurani vizuri. Sijui kama ni dhambi kusema hivyo.

Kamati ni tarehe ishirini na nane. Kuna jambo jingine juu ya hili ambalo sitaki kuliandika sasa.

Na nina swali moja. Ulijuaje kwamba kope za Bi Hija zilikuwa zikitetemeka? Na ile pete kunasa uzi?

Wako,
Ummi


Msuka, 14 Juni 2003

Mwanangu,

Assalaam alaykum, sisi wazima, namshukuru Mungu, na wewe nakuombea uzima.

Allahu akbar! Mtumishi anazaliwa, anavikwa joho, anaingia ghalani, yote hayo kabla mie sijamaliza kusema "a"! Nimetoka nje nkaziangalia nyota za alfajiri kwa jicho jengine. Kama vitu vilivyotengenezwa na watu vina ndani yake namna hii, basi vile vya Mwenyewe je? Mkono wangu huu hapa, unanyanyua kalamu, nani kauitikia? Nani kasema "kiinuke"? Nimejitazama vidole mpaka Mize kaniuliza kama kumeota kitu.

Wala si dhambi. Baridi ile ni ile ile.

Habari nyengine hakuna. Mbuzi mmoja kala kadi ya mwaliko wa harusi ya binti yake Shaame, harusi ni mwezi ujao tarehe ishirini na nne, basi wamemwita mbuzi mgeni rasmi. Uchaguzi ulipita, walioshinda wamefurahi, walioshindwa wamesema wameshinda. Silima kapata mashine yake, inanguruma kama mama yako akikosa kahawa.

Swali lako la mwisho nimeliona. Nilikuwa nataka kulijibu, ila mvua imeanza, nna nguo nje.

Kazija


Dar es Salaam, 5 Julai 2003

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumai nguo zilikauka.

Kamati ilikaa. Walikuwa watu saba na Bwana Thuwein. Niliomba kitu kimoja tu, mmoja wao aniundie jina jipya la mgeni, jina la mtu asiyekuwepo, lisiloruhusiwa kitu. Mzee mmoja wa sheria akasema, "Weka Bure bin Bure." Wakacheka. Nikaingia kama Bure bin Bure. Nikawaonyesha kwanza kwamba siwezi kufungua hata barua ya mtu. Kisha nikaita.

Mara ya kwanza ikakataa. Bwana mmoja akajikohoza. Ya pili, ya tatu. Ya kumi na saba ikafunguka. Nikawaambia, "Waheshimiwa, mwenye nyumba sasa ni Bure bin Bure," na nikawafungulia matokeo ya mtihani ya chuo kizima mbele ya macho yao bila ya kugusa chochote.

Yule mzee wa sheria akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akasema polepole, "Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi muda wote, na sisi tumemshika aliyekuwa na ufunguo." Nikamwambia haukuwa wazi, mzee. Ulikuwa unafumba.

Wakanisafisha hapo hapo. Mwenyekiti akaanza kukunja karatasi.

Ningeweza kunyamaza, mama mdogo. Hapo ndipo lilipo lile jambo. Ufa huu sikuugundua mimi wa kwanza duniani. Mwezi wa Machi watu walishauona, wakautangaza kwa watunzaji wote, na kiraka wakakitoa. Tangazo lilikuja kwenye kompyuta yangu tarehe kumi na saba Machi. Mimi nilikuwa Msuka. Nilikuwa niondoke tarehe ishirini, nawe ukanikamata, "kaa mpaka Ridha amalize fungate", nikakaa, na sikulaumu hata chembe. Lakini nimerudi tarehe thelathini na moja na barua mia mbili zinanisubiri, nikasema nitazisoma kesho. Kesho yake nikasema kesho. Yule mwizi, yeyote aliyekuwa, amepita kwenye kesho yangu.

Nikasimama nikawaambia. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nilijua wanaweza kunifukuza kwa jambo lile lile nililokwisha kulishinda. Bwana Thuwein alinitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Wamenipa barua ya onyo, imo katika faili langu daima. Na ufunguo wamenirudishia. Yule mzee wa sheria ndiye aliyenikabidhi, akasema, "Mlango apewe anayejua wapi alifumba."

Sasa kiraka kiko mahali pake. Nimejaribu mara mia tano, haingiliki.

Kwa nini nilisema? Kwa sababu usiku wa kuamkia kamati sikuwa namfikiria mwizi. Nilikuwa namfikiria Bi Hija na kigoda chake.

Sikuulizi tena lile swali.

Wako,
Ummi


Msuka, 24 Julai 2003

Mwanangu Ummi, mlango apewe anayejua wapi alifumba. Nimeyaandika maneno hayo ukutani jikoni kwa mkaa.

Salamu baadae, leo niachie. Wote wazima, na mama yako yu mzima ila hasemi nami, siku ya tatu leo. Ni haki yake. Nakueleza.

Alikuwa mie. Unajua. Ulijua toka kwenye pete. Nlikuwa na miaka kumi na sita, dada yangu yumo ndani anaambiwa mambo ya dunia na mie niko uwani nabeba sinia za watu. Sikutaka ubaya. Nlitaka kujua tu, mie nlivyoumbwa hivi, neno likisemwa nyuma ya pazia mwili wanikuna. Nlikaa pembeni ndani ya moshi, nkazisikia zote. Na asubuhi kisimani ningewezaje kunyamaza? Kifua changu nishakwambia ni chujio. Nliimba moja tu. Wakasema endelea.

Halafu wakamshika Hija. Nkasema, ntasema kesho. Wewe yako ilikuwa siku mbili. Yangu miaka ishirini na tisa. Na kila nikipita kwake, akisuka ukili wake, namwambia, "Hujambo mwenzangu," naye anajibu, "Sijambo," na nazidi kupiga soga, mdomo wangu unakwenda, unakwenda, kila habari ya Msuka inatoka isipokuwa ile moja. Watu hudhani mie nasema sana kwa furaha. Furaha ipo. Ila mara nyengine nasema sana kama mtu anaeimba njiani penye makaburi.

Barua yako nliisoma mara tatu. Nkajitanda, nkenda. Nkamkuta barazani. Nkasema yote nimesimama, nkamwambia na ile pete ilinasa uzi, asije akadhani natania. Hija hakuinua kichwa. Kasuka mpaka mwisho wa ukili, kakata kwa meno. Kisha kasema, "Nilikuwa nakutazama wewe miaka yote hii nkijisemea, yule mkono wake mwepesi." Kumbe! Nkamwambia, "Ulijua?" Kasema, "Sikujua. Nilidhani. Na kudhani hakushikiwi msahafu." Ummi, nimestaajabia kompyuta yako, lakini mtu anaeweza kukaa na dhana miaka ishirini na tisa asiitoe mdomoni kwa sababu hakuona kwa macho yake, huyo nimstaajabieje? Mie sikai nayo dakika.

Nkamuomba radhi. Kasema, "Radhi yangu unayo. Jina langu je, liko kwangu hilo? Liko kisimani." Basi akashika ukili mwengine.

Nkaelewa. Kesho yake nkenda kisimani, kabla ya jua kupanda, wamejaa. Nkasema, "Jamani, nna habari!" Wakaweka ndoo chini wote, si wananijua. Nkawapa. Kutoka pale nkapita kwa wachuuzi wa dagaa, nkapita chuo cha Kurani kwa walimu wa watoto, nkamalizia dukani kwa Shaame, nkapiga na simu Konde na Vitongoji kwa wale walioolewa huko. Mara ya kwanza maishani najisengenya mwenyewe, na wallahi sijapata kufanya kazi ile vizuri kama siku ile. Kufika adhuhuri hakuna asiejua. Wengine wamecheka, wengine wamesonya. Kizee kimoja kimenitemea mate, kimekosa. Mize kafunga mlango wake, maana harusi yake ndiyo niliyoitia moshi. Ntakaa barazani kwake mpaka afungue, atachoka yeye kabla yangu.

Alasiri mke wa Shaame kenda mwenyewe kwa Hija, na kanga jozi na udi, kumuomba ashike mlango wa bintiye. Harusi ni leo, Ummi! Ndio naandika haraka nimeshajipaka hina mkono mmoja, samehe alama. Nasikia kigoda kimepigwa msasa. Nasikia pia kasema sharti lake, na sharti lenyewe hakuna alielijua, wamenambia tu nisitoke nyumbani nisubiri. Mie kusubiri! Nimechungulia dirishani mara ishirini. Nadhani sharti ni kuwa nisitie mguu pale uwani, na akitaka hivyo ni sawa, ntakaa hapa nisikilize ngoma kwa mbali, nikwandikie wewe nyimbo zile za mwisho maana sasa na wewe umri um

Ngoja, hodi hiyo. Sauti ya Hija hiyo, yuko uwanjani kwangu na nguo zake za mlango!

Ananambia msichana wa chetezo waliemweka hatakiwi, mbebaji yeye kashamchagua. Anasema, "Kazija, toka na chetezo. Utakuja mbele yangu, ntakutazama usoni mpaka nishibe, kisha ntafumba. Watu wote waone nakufumbia."

Ummi, chetezo nishakishika kwa mkono wa hina. Anaita te